Uchafu Haukosi Mlipaji



Katika baraza zetu hakuna jambo ambalo watu huafikiana upesi kama kuulaani uchafu. Mtaro umeziba, jaa limefurika mpaka njiani, bahari yatupa chupa na mifuko ufukoni, na maji ya kisima yamegeuka ladha. Wote waliokaa husema kwa kauli moja kwamba hali hii haifai na yapasa itengenezwe. Walakini akitokea mtu mwenye daftari mkononi akasema, "Basi ndugu zangu, kila nyumba na itoe kiasi fulani," kauli ile moja huvunjika vipande. Huyu akumbuka kwamba mwezi umekuwa mrefu. Yule asema kazi hiyo ni ya serikali. Wa tatu auliza mbona jirani yake hajatoa. Na wa nne huvaa viatu vyake akaenda zake bila ya kuaga.

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo hili, yaani moyo wa watu wa kutoa mali yao ili nchi, maji na hewa vitengenezwe. Hatuandiki ili kumtia mtu aibu, kwani aliyeuficha mfuko wake huenda akawa na sababu, na baadhi ya sababu hizo ni za haki. Twataka kuthubutisha neno moja tu, nalo ni hili: uchafu haukosi mlipaji. Gharama yake hulipwa kila siku, ama kwa fedha ama kwa maradhi. Asiyempa mzoa taka shilingi yake humpa muuza dawa. Na asipoitoa yeye, huitoa jirani yake ambaye hakushirikishwa katika shauri. Mwenye kukataa kulipa hakulifuta deni, bali ameandika jina la mtu mwingine katika daftari.

LONDON ILIPOKOSA PUMZI

Mfano ulio wazi twaupata katika mji wa London, kwa sababu mambo yake yameandikwa na hesabu zake zimehifadhiwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na mashimo ya choo chini yake, na mashimo hayo yakizolewa usiku na watu wa kazi hiyo. Khalafu vikaja vyoo vya kumwagia maji, vikapendwa na wenye uwezo. Maji mengi yakayajaza mashimo, nayo yakaelekezwa katika mifereji ya barabarani iliyochimbwa kwa ajili ya mvua, na mifereji hiyo ikamwagika katika mto Thames. Na katika mto huo huo makampuni yalikuwa yakivuta maji ya kunywa na kuyauza majumbani. Mwenye nyumba alikitazama choo chake akakiona ki safi, akadhani uchafu wake umekwenda zake. Kumbe umemrudia mezani ndani ya bilauri.

Kipindupindu kilipoishika London mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000. Kikarudi mwaka 1853 na 1854, kikaua tena zaidi ya 10,000. Katika mwaka huo wa 1854 tabibu mmoja, John Snow, aliwachunguza waliokufa katika mtaa wa Soho, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya bomba moja la mkono lililokuwa Broad Street. Akawaeleza wakubwa wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa bomba lile. Walakini wengi wa wataalamu wa zama zile hawakuikubali kauli yake. Waliamini kwamba maradhi yale huletwa na harufu mbaya.

Dawa ya mji ilikuwa ikijulikana. Mwaka 1855 liliundwa baraza la kazi za mji mzima, na mwaka uliofuata mhandisi wake mkuu, Joseph Bazalgette, alikuwa na ramani zake tayari: mifereji mikubwa ya chini kwa chini, sambamba na mto, itakayozikamata taka kabla hazijaufikia na kuzipeleka mbali upande wa mashariki. Kilichokosekana ni makubaliano. Wakubwa walibishana juu ya mahali pa kuzimwaga taka hizo, na juu ya fedha za kazi hiyo zitoke wapi. Miaka miwili ikapita katika barua na majibu ya barua.

Ndipo likaja joto la mwaka 1858. Mto ulipungua, na taka zilizotuama kingoni zikaoza juani. Nalo Bunge la Uingereza limejengwa ukingoni mwa mto ule ule. Mapazia yake yakachovywa katika dawa ya chokaa ili kuizuia harufu, wala haikuzuilika. Wabunge wakatoka vyumbani na vitambaa puani. Tarehe 15 Julai Disraeli, aliyekuwa waziri wa fedha, akaleta mswada, na tarehe 2 Agosti ukawa sheria. Jambo lililokwama miaka likamalizika kwa siku 18. Baraza la mji likaruhusiwa kukopa paundi milioni 3, na deni hilo lilipwe na wenye nyumba kwa muda wa miaka 40, peni 3 kwa kila paundi ya thamani ambayo nyumba zao zilikadiriwa kwa ajili ya kodi ya mji. Ikajengwa mifereji mikubwa yenye urefu wa maili 82, na gharama zake zikapita paundi milioni 4.

Twamwomba msomaji azingatie. Maiti zaidi ya 24,000 hawakuifungua mifuko, na pua za wakubwa ziliifungua. Si kwamba watu wale walikuwa na nyoyo za mawe. Mauti yaliwashika zaidi maskini katika vichochoro vyao, na kila mwenye nyumba nzuri alijihesabu kuwa yu mbali. Harufu haikumbagua mtu. Ilipanda ngazi za marumaru kama ilivyopanda ngazi za mbao. Mwanadamu hutoa mali yake upesi anapoiona khasara imesimama mlangoni pake, naye huchelewa maadamu imesimama mlangoni pa mwenzake.

Je, kuchelewa kule hakukuwa na mlipaji? Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London, kikaua watu zaidi ya 5,500 upande wa mashariki ya mji, mahali ambapo mifereji mipya ilikuwa haijaunganishwa. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mji ule kuvamiwa na maradhi hayo kwa wingi. Mpaka kati ya mtaa uliokwisha tengenezewa na mtaa uliokuwa ukingoja ulionekana makaburini.

Hata mifereji ilipokamilika, deni halikulipwa lote. Taka zilimwagwa mtoni chini ya mji bila ya kusafishwa. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa ikazama karibu na pale mifereji ilipomwagika, wakafa watu zaidi ya 600 katika maji yale machafu. Baadaye mji ukaanza kulitenga tope la taka, na tangu mwaka 1887 ukalipeleka baharini kwa meli. Na desturi hiyo haikukomeshwa mpaka mwaka 1998. Basi London ilitoa sehemu ya deni kwa fedha, na sehemu iliyobaki ikawaandikia watu wa chini ya mto, khalafu ikaiandikia bahari.

KUSEMA SI KUTOA

Hapo msomaji aweza kuuliza: Je, hakuna njia ya kuijua nia ya watu kabla maiti hawajahesabiwa? Wataalamu wa uchumi wamejaribu kuitafuta njia hiyo, na mfano mashuhuri ulitokea Marekani.

Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba katika pwani ya Alaska, ikamwaga kiasi cha galani milioni 11 za mafuta ghafi. Ndege na wanyama wa baharini wakafa kwa wingi, na fuko za pwani zikapakwa weusi. Mvuvi aliweza kuhesabu samaki aliokosa kuuza. Walakini ufuko safi, na ndege arukaye juu ya maji, bei yao ni nini, nao hawauzwi sokoni? Serikali ya jimbo la Alaska ikawapa wataalamu kazi ya kuwauliza wenye nyumba wa Marekani, ambao wengi wao hawakupata kuiona Alaska kwa macho: Je, mtakubali kutozwa kodi mara moja, ili msiba kama huu usitokee tena? Majibu yalipopangwa kutoka madogo hadi makubwa, jibu la katikati lilikuwa dola 31 kwa nyumba. Na lilipozidishwa kwa nyumba za nchi nzima, ikawa kiasi cha dola bilioni 2.8. Mwaka 1991 kampuni yenye meli ilifanya suluhu ya kulipa dola milioni 900 kwa madai ya uharibifu, mbali na zile ilizotozwa kwa kosa la jinai.

Mabishano makubwa yakazuka. Wako waliosema kwamba maneno ni upepo, na kwamba mtu hawi mchoyo kwa fedha asiyoombwa kuitoa papo hapo. Mwaka 1993 jopo la wataalamu lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili wenye tuzo ya Nobel ya uchumi, likatoa shauri la namna ya kuuliza. Mtu asiulizwe kwa jumla kwamba aupenda usafi kiasi gani. Na atajiwe kazi itakayofanywa na bei yake, naye ajibu ndiyo au siyo, kama apigaye kura. Tena akumbushwe kwamba fedha hiyo itatoka katika mfuko wake, na kwamba akiitoa atapungukiwa kwa mahitaji mengine.

Shauri hili lina manufaa hata kwa mtaa wenye nyumba arubaini. Viongozi wetu hukosea katika swali. Huuliza mkutanoni, "Mwataka usafi?" na watu wote huitika "Ndiyo!" kwa sauti ya kutikisa dari. Ndiyo ile haina thamani ya sumni, kwa sababu haikumgharimu mtu kitu. Swali la kweli ni hili: mtaro huu wataka kuzibuliwa kila mwezi, ujira wa wazibuaji ni shilingi kadha, na fungu la kila nyumba ni shilingi kadha, je, baba fulani, utaitoa, na utapunguza nini katika matumizi yako? Atakayeitika hapo, huyo ameitika kweli. Na atakayekataa ametusaidia pia, kwani tumeijua sababu yake na twaweza kuijibu.

Tena yako mambo ambayo bei ndogo iliyo wazi huyatimiza, ingawa mawaidha mengi yameshindwa. Nchi ya Ireland ilikuwa ikisumbuliwa na mifuko ya plastiki iliyopeperuka mashambani na kunasa katika ua wa miti. Tarehe 4 Machi 2002 serikali iliweka ushuru wa senti 15 za yuro kwa kila mfuko, ulipwe na mnunuzi mwenyewe dukani. Kabla ya hapo kila mtu alitumia mifuko ipatayo 328 kwa mwaka. Baada ya ushuru ikashuka hadi 21. Watu hawakufilisika kwa senti 15. Walipoulizwa dukani, "Utanunua mfuko?" walitanabahi kwamba mfuko ule haukuwa bure hata siku moja, wakakumbuka kuja na kikapu. Nchi zetu zilichagua njia nyingine, ya kuipiga marufuku kabisa: Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania Bara mwezi wa Juni 2019. Njia zote mbili hufikia pale pale walipokuwapo bibi zetu, waliokwenda sokoni na kikapu cha ukindu wala hawakuacha nyuma yao taka ya kukaa miaka mia.

KHABARI ZA KWETU

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu na mito yao. Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1869, na daktari James Christie, aliyekuwako mjini wakati ule, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Unguja maji safi kwa mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Fadhila ile haisahauliki. Walakini bomba huoza, watu huongezeka, na mfadhili hufa. Maji aliyoyaleta mtu mmoja kwa mali yake hayawezi kudumu ila kwa utunzaji wa wote wayanywao.

Na maradhi yenyewe hayakutuhama. Kuanzia Agosti 2015 kipindupindu kiliishika Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingine na kufika Zanzibar. Kabla mwaka 2016 haujafika nusu waliougua walikuwa wamepita 20,000, na waliokufa ni mamia. Njia yake ni ile ile aliyoifuata John Snow katika Soho: maji yaliyoingiliwa na choo. Hakuna siri iliyobaki. Kilichobaki ni choo cha shimo lisilovuja, mtaro ulio wazi, na jaa linalozolewa kwa siku zake. Na kila kimoja katika hivi kina bei.

Wazee wetu katika dini waliijua bei hiyo, wakaweka mlango wa kuilipa. Wanavyuoni wa sira wasimulia kwamba Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, watu walipokuwa wakiuziwa maji yake, akakifanya wakfu kwa kila mwenye kiu. Zubaida, mkewe Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, alitoa mali nyingi kuwafikishia mahujaji maji Makka. Na mfereji wake ukadumu karne nyingi kwa kuwa kila zama walitokea wenye kuutengeneza, miongoni mwao watawala wa Kiothmani katika karne ya 16. Basi wakfu una sehemu mbili: mali inayojenga, na mali inayotunza. Sisi leo twaipenda ile ya kwanza, kwani ina jiwe la jina na siku ya kufunguliwa. Ile ya pili haina sherehe. Nani aliyewahi kusomewa risala kwa kuzibua mtaro?

MASWALI NA MAJIBU YAKE

Atasema msemaji: Sisi twalipa kodi, na kazi hii ni ya serikali. Twamjibu: Umesema kweli nusu. Kazi ya mifereji mikuu na majaa ya mji ni ya serikali na mabaraza yake, na ni haki yako kuwadai kwa ulimi wako na kwa kura yako. Walakini serikali haina hazina iliyoshuka kutoka mbinguni. Hata zile paundi milioni 3 za London zililipwa peni kwa peni na wenye nyumba. Aliye na haki ya kuuliza, "Fedha yetu imekwenda wapi?" ni yule aliyeitoa. Na kichochoro kilicho baina ya mlango wako na wa jirani yako, kukifagia hakuhitaji waziri.

Atasema wa pili: Maskini hana cha kutoa. Twamjibu: Maskini ndiye atoaye zaidi sasa hivi. Mwenye bomba nyumbani hulipia maji yake kwa mwezi. Asiye na bomba huyanunua dumu kwa dumu kwa mchukuzi, na lita moja humgharimu kuliko yule tajiri. Mtoto wake akishikwa na tumbo, hulipa nauli ya kumfikisha hospitali, na dawa, na ujira wa siku aliyoacha kazi. Hatusemi atozwe sawa na mwenye ghorofa. Katika London mwenye jumba kubwa alitoa peni nyingi kuliko mwenye kibanda, kwa kuwa hesabu ilikwenda na thamani ya nyumba. Mjane na asiyejiweza na wasamehewe, na fungu lao libebwe na wenye nafasi kwa siri, bila ya kutajwa katika mkutano.

Atasema wa tatu: Kwa nini nilipie uchafu nisioutenda mimi? Karakana yamwaga mafuta machafu mtaroni, na nyumba ya wageni yaelekeza makaro yake baharini. Twamjibu: Hapa haki iko kwako. Aliyeharibu atangulizwe kulipa, kama ilivyotanguliwa kudaiwa kampuni ya meli ile ya Alaska. Kuwachangisha wakaazi ili kusafisha alichomwaga tajiri mmoja ni dhulma, na mchango wa namna hiyo huua moyo wa kutoa hata katika mambo ya haki. Watu wa mtaa na waende kwa pamoja wakamwambie, na asiposikia wampeleke mbele ya sheria. Lakini tusijifiche nyuma yake. Maganda yetu, nepi za watoto wetu na chupa zetu hazikutoka karakana.

Atasema wa nne: Nitatoaje, na jirani yangu hatoi? Huyu twamkumbusha mfano alioupiga Mtume (s.a.w.), uliopokewa na Imam Bukhari, wa watu waliopanda chombo, wengine tabaka ya juu na wengine ya chini, wa chini wakaazimia kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiliwa, wote huokoka. Mfano huu hausemi kwamba kila mmoja amngoje mwenziwe. Wasema kwamba chombo ni kimoja, na maji yakiingia hayaulizi ni nani aliyetoboa.

MLANGO WA AMANA

Baada ya haya yote, twaona kwamba sababu kubwa inayowafunga watu mikono si uchoyo wala ufakiri, bali ni kukosa imani na mkono upokeao. Katika mtaa tunaosomesha ulipita mchango wa kuzibua mtaro, watu wakatoa. Mtaro ukazibuliwa nusu, na hesabu haikusomwa hata siku moja. Mvua za masika zilipofika, maji yakaingia nyumba zile zile. Mwaka wa pili daftari lilipozungushwa, hakuna aliyelitazama, na aliyelaumu kwamba watu hawana moyo wa kutoa aliwadhulumu. Moyo walikuwa nao, ulitumiwa vibaya.

Khalafu wakachaguliwa watu watatu, mmoja wao mama auzaye vitumbua, ambaye mtaa mzima wajua kwamba chenji yake haipungui. Yeye akashika fedha, wa pili akashika daftari, na wa tatu akawasimamia wazibuaji. Kila mwisho wa mwezi karatasi ya hesabu ikabandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Haikupita muda, wale waliokuwa wakijificha wakaja wenyewe. Hawakupewa hotuba yoyote mpya. Walichopewa ni karatasi.

Kwa hivyo twawausia wasomaji wetu mambo manne, kila mtu kwa nafasi yake.

Kwanza, baba na mama na wakae na watoto wao, wahesabu gharama ambazo uchafu umeitoza nyumba yao katika miezi mitatu: dawa za kufukuzia mbu, dawa za homa na za tumbo, nauli za hospitali, maji ya kununua, na siku za kazi na za skuli zilizopotea. Jumla hiyo na iandikwe, na ubavuni mwake iandikwe ada ya mzoa taka. Mizani itasema yenyewe.

Pili, anayechangisha na ataje kazi, bei na muda wake kabla hajapokea senti, na asome hesabu kabla hajaulizwa. Fedha ya mtaro ni amana kama fedha ya yatima.

Tatu, ada na ilipwe kila mwezi hata kama mtaro wapendeza. Mtaro wapendeza kwa sababu ililipwa mwezi uliopita. London ilijiwekea miaka 40 ya kulipa. Sisi huchoka mwezi wa tatu.

Nne, enyi vijana, nyinyi mna mali isiyokuwa ya fedha. Mkono wa kijana asubuhi ya Jumapili moja katika mwezi ni mchango kamili, wala asitokee mtu wa kuudharau. Twafundishwa kwamba kuliondosha njiani jambo lenye kuwaudhi watu ni katika matawi ya imani na ni sadaka. Basi asiye na shilingi asidhani kwamba mlango umefungwa kwake. Na mwenye shilingi asidhani kwamba imempotea. Huenda leo hii yupo mtoto katika mtaa wake, asiyejua jina lake, ambaye hataugua masika yajayo kwa sababu ya shilingi ile. Deni la uchafu lilikuwa limeandikwa kwa jina la mtoto huyo, naye amemlipia kabla halijamfikia.

Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kutoa, na mikono yenye kuaminika ya kupokea. Wabillahi tawfiq.